Muziki wa Nyuma ya Mabati

Mama fundi, jirani yangu hapa soko la Busia, hushona akiwa ameegemea ukuta wa mabati. Nyuma yake ni kibanda cha video. Mtafsiri wa tamthilia ya kigeni akipiga kelele kwenye spika, yeye anashona tu. Mtafsiri akinyamaza, muziki ukabaki peke yake, mguu wake unaacha kukanyaga cherehani. Kinanda kikilia polepole, muziki wa mama mmoja wa tamthilia ambaye hajawahi kumwona, anasema, "Mama wa watu amekuja." Juzi Okochi, mwenye kibanda, alimwita aingie bure amwone huyo mama. Alisimama mlangoni, akamtazama kwenye skrini mwanamke mwembamba mwenye kucha nyekundu, akarudi.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nimeona mtu mwingine." Akanionyesha vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano. "Wangu ana mikono kama hii."