Jasusi Aliyemkwepa Mama Mkwe

Mimi ndiye mwandishi mkubwa kuliko wote wa riwaya za kijasusi za Kiswahili hapa Rooty Hill, kitongoji cha Sydney, Australia. Niko peke yangu, maana hakuna mwingine aliyepatwa na ujinga huu. Kazi yangu hasa ni kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao ni Bwana Hartnoll, Mwingereza aliyeishi miaka mingi kwenye kisiwa cha nchi za joto akiandika vitabu vya majasusi. Asubuhi aliandika, mchana akaogelea, jioni akaletewa kinywaji barazani. Nikimvalisha soksi ananisimulia, nami roho inaniuma kwa wivu. Mimi pia nimezaliwa kisiwani, Bumbire, katika Ziwa Viktoria, ila nilichoambulia kule ni kuanika dagaa.

Nikaanza kuandika riwaya yangu kwenye treni, nikienda kazini. Bwana Hartnoll alinionya kwamba jasusi asiwe na ndugu. Nikampuuza. Mtu asiye na ndugu kisiwani angekula kwa nani?

Sifa sikuzitaka. Hapo naongopa, nilizitaka sana. Lakini zaidi ya sifa nilitaka binti yangu, Hope, anijue. Ana miaka kumi na tano, Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, na kuhusu kwetu hajawahi kuniuliza swali hata moja. Niliogopa atakua akinijua kama yule baba anayelipia intaneti, basi.

Jumapili baada ya misa nikawasomea yeye na mama yake, Kokushubila, sura ya kwanza. Jasusi wangu, bastola mkononi, anamfukuza adui kwenye kijia cha Bumbire. Karibu amkamate. Mara anatokea mama mkwe wake na mzigo wa kuni. Jasusi anajirusha migombani, anafunika uso kwa jani. Adui anatokomea na siri za taifa.

Nikainua macho, nikingoja watetemeke.

Kokushubila aliangua kicheko hadi akashika meza. "Baba Hope, huyu ni jasusi gani?"

"Ulitaka afanye nini? Akutane na mkwe uso kwa uso?" Nilikasirika kweli. Haki ya Mungu, nilipoandika sikuona njia nyingine.

Hope akachomoa vile vitu vya masikioni. "Wait, Dad. Why did he hide?"

Moyo ukanilipuka kwa furaha. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamume hakutani na mama wa mkewe njiani, humpisha kwa heshima.

"So you hid from Bibi?"

"Kila mara! Nilikuwa hodari. Hakuwahi kuniona."

"Alikuona," Kokushubila alisema. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Miguu yako ilibaki nje ya migomba. Mama akirudi nyumbani alisema, mkwe wangu hata kujificha hajui, lakini ananiheshimu."

Mama yake huyo alifariki tukiwa huku Sydney. Mazishi tuliyatazama kwenye simu.

Hope akanigeukia. "What was she like, Dad?"

Miaka yote nimengoja mtoto aniulize, na sasa ameuliza. Lakini mama yule nilimjua kwa mlio wa kandambili zake tu, nikiwa nimeinamisha kichwa majanini.

"Muulize mama yako," nikamwambia, nikasogeza kiti changu karibu ili nami nisikie.