Habari ya Bibi Tuliyoipeleka Pwani

Juzi nimenunua mkeka wa plastiki hapa Sharafiya, Jeddah, kwenye duka lililobanwa kati ya wauza simu na mkahawa wa wali. Nimeutandika chumbani, jua la dirishani likaupiga, na ile harufu ya plastiki mpya iliyopata moto ikapanda. Nikakaa chini hapohapo. Wengine hukumbushwa utoto wao na asumini au udi. Mimi, kwa bahati yangu, nakumbushwa na mkeka wa plastiki. Nawaambia nyinyi tu haya, kwa sababu mama hayajui yote mpaka leo.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Malaz, Riyadh, mimi na baba na mama. Baba ni mtu wa Unguja aliyezaliwa Riyadh, fundi wa viyoyozi. Mama ni wa Likoni, Mombasa, na siku haikupita bila hao wawili kubishania jina la kitu. Mama akikaanga mahamri, baba atauliza kama maandazi yameiva. Mama atamjibu kwamba humu ndani hamna maandazi, mna mahamri, na anayetaka maandazi akayatafute kwao. Huo ndio ulikuwa wimbo wa nyumba yetu, na mimi nililala nikiusikia.

Mama alikuwa na mdogo wake, Saada, niliyemwita Mamdogo. Alikuja kufanya kazi za nyumbani kwa watu wa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, na mwaka wa pili ulikuwa umeingia hatujamtia machoni. Madam wake hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo. Alikuwa mtu mwenye hofu. Msichana aliyemtangulia Mamdogo alitoka kutupa taka akapotea jumla. Basi Mamdogo hakutoka peke yake, hakupokea mgeni, na simu yake ilikaa kabatini kwa madam, akapewa Ijumaa baada ya sala azungumze kidogo kisha airudishe. Ijumaa hizo alimpigia mama. Bibi yangu, yaani mama yao, masikio yalikuwa yamechoka na simu hakuiweza, kwa hiyo habari zote za Likoni zilimfikia Mamdogo kwa mdomo wa mama.

Halafu Bibi akafa.

Namna mama alivyoambiwa naiona hadi leo. Alasiri moja walikuja wanawake wa kwetu wanne, wakaingia na mabaibui yao, wakamketisha mama katikati, huyu kamshika mkono wa kulia, yule wa kushoto. Baba alikuwa amesimama ukumbini, hathubutu kuingia. Hakuna aliyekuwa ametamka neno, na mama alishaanza kulia. Kwetu ndivyo. Mtu hapewi habari ya kifo cha mamake kwenye simu, wala akiwa peke yake. Anaendewa na watu wake, ili akianguka pawe na mikono ya kumpokea.

Sasa Mamdogo angeendewa na nani? Ijumaa ikafika, simu ikalia. Mama alijifuta uso, akazungumza naye juu ya mvua, juu ya meno yangu yaliyong'oka, juu ya vitunguu. Alipokata simu alijifungia chooni, nikasikia bomba limefunguliwa muda mrefu. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyohivyo. Baba akasema basi tumpigie bosi wa Saada tumweleze wazi. Mama akakataa katakata. Wale wakijua watamwambia palepale kwenye sinki, mikono ina povu, na mtoto wa watu nyuma analilia maziwa.

"Mdogo wangu hafiwi jikoni kwa watu," alisema.

Ilikaribia miezi miwili. Mama alikonda. Kila Alhamisi alikuwa mkali kama aliyekaliwa na pepo, maana kesho yake ni Ijumaa. Ndipo Mamdogo mwenyewe, kwenye simu, akataja kwamba mabosi wake wamekodi nyumba ya mapumziko baharini, kaskazini ya Jeddah, na mwisho wa juma ujao wataenda huko naye akaangalie watoto. Akaeleza, kama mtu anayepiga soga tu, kwamba nyumba yenyewe ni ya kwanza baada ya rasi ya mawe, geti la barabarani lina mlinzi, lakini upande wa bahari hakuna ukuta, na mtu akipita kando ya maji kutoka ufuo wa watu wote atafika bila kuulizwa. Mama alikata simu akasujudu. Alisema Mungu amemfungulia njia.

Hoteli hatukuiweza. Baba alikuwa na mteja mwenye basi dogo la zamani lililong'olewa viti, likatiwa vitanda viwili, jiko la gesi na tangi la maji. Baba alimtengenezea kiyoyozi cha nyumbani, yule akatuazima basi lake. Baba aliliita karavani, kwa fahari kubwa, akatandika sakafuni mikeka mipya ya plastiki. Tulitoka Alhamisi baada ya alasiri, na kabla hatujaiacha Riyadh vizuri kiyoyozi cha karavani kikazima. Fundi wa viyoyozi, na kiyoyozi kimemfia mkononi. Siku nyingine mama angemtania njia nzima mpaka Taif. Siku hiyo alifungua dirisha tu. Mikeka ikapata moto, ile harufu ikajaa, na nilipofunua bakuli la mahamri baba akachukua moja akala bila kulitaja jina. Hapo ndipo nilipoogopa.

Njiani mama alinivuta karibu akanipa maagizo. Nikimfikia Mamdogo kabla yake, naye akaniuliza kama Bibi hajambo, nisiseme hajambo. Nisiseme lolote. Niseme mama anakuja. Nikauliza kwa nini nisiseme hajambo tu, yaishe.

"Kwa sababu si kweli," akasema, "na mimi siwezi kumdanganya Saada. Kumficha naweza. Kumdanganya siwezi."

Kwa akili yangu ya miaka minane sikuona tofauti. Nilichokiona ni kwamba nimebebeshwa kitu na nikikidondosha kitavunjika. Njia nzima nilirudia midomo ikicheza: mama anakuja, mama anakuja.

Tulifika Ijumaa asubuhi. Baba aliliegesha karavani kwenye mchanga mgumu, kwenye ufuo wa watu wote. Mimi bahari nilikuwa siijui. Ilikuwa ya buluu mpaka inaumiza macho, na upepo wake ulikuwa na chumvi niliyoilamba midomoni. Ningecheza, lakini mama alishashika chupa ya chai na mfuko wa mahamri, anatazama kaskazini. Nyumba za mapumziko zilionekana mbali, nyeupe, nyuma ya rasi ya mawe. Mchanga uliishia karibu, na baada yake ilikuwa matumbawe makavu yaliyoinuka juu ya maji, yana meno, na mashimo yenye kaa waliotukimbia. Tulipanda, tukashuka, tukapanda. Baibui la mama lilikuwa likinasa kila hatua. Baba alishika mpini wa ufagio kama mkongojo, ati tuonekane watu wa matembezi.

Na kweli, gari la doria ya pwani likasimama juu, askari mmoja akauliza tunatafuta nini. Baba akajibu kwa Kiarabu kwamba tunafanya mazoezi. Askari akalitazama tumbo la baba, akamtazama mama na chupa yake ya chai, akatuombea Mungu atupe nguvu, wakaenda zao.

Nyumba tuliikuta imefungwa. Hakuna gari, hakuna viatu mlangoni, hakuna mtu. Mama akakaa juu ya jiwe akangoja. Tulingoja adhuhuri, tukangoja alasiri, na simu ya Ijumaa nayo haikulia. Baba akasema taratibu kwamba pengine wameghairi, watu hughairi. Tuliporudi kwenye karavani hakula, wala hakulala chini. Alikaa kwenye kiti cha mbele amekunja mikono. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho. Jumapili baba alitakiwa kazini nami shuleni, na nyumba ile isingekodiwa tena na watu walewale. Kama si siku hiyo, Mamdogo angeendelea kuosha vyombo vya watu, na simu ya Ijumaa ingelia tena. Mama alisema hataiweza tena, akaapa.

Asubuhi tulirudi juu ya mawe yaleyale. Ndala yangu ilikatika, nikaenda mguu mmoja umevaa, mmoja unachechemea, wala sikulalamika. Tulipozunguka rasi tukaona gari limesimama, na pale majini mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani akiwa na watoto wawili wanachimba mchanga.

Mama alishika bega la baba. Mimi nikatangulia mbio.

Mamdogo aliniona, akanifungua mikono, akaninyanyua. Alinukia sabuni ya kufulia na vitunguu. Alinibusu kila mahali, akaanza kuuliza. Meno yameota? Shule je? Baba bado ana lile tumbo? Yule paka wa jirani, ameshazaa? Nilijibu yote, huku nangoja lile moja, jibu langu liko tayari kwenye ulimi. Aliuliza mpaka rangi ya mapazia yetu. Lile moja hakuliuliza. Nikasema moyoni, Mungu kaniokoa.

Kisha akatazama juu ya kichwa changu, akamwona mama anakuja juu ya mawe. Aliniweka chini taratibu. Akawashika wale watoto mkono, akawapeleka mpaka kwa madam aliyekuwa amekaa barazani, akawakabidhi. Akarudi majini, akaosha mchanga mikononi, akajifuta kwenye nguo yake. Akasimama akamngoja dada yake.

"Saada," mama alisema. "Mdogo wangu. Mama hatunaye."

Aliyeanguka ni mama. Hilo lilinishangaza sana. Tulikuja tumejipanga kumpokea Mamdogo, na Mamdogo ndiye aliyempokea mama, akaketi naye kwenye maji mepesi, akamlaza kichwa kifuani, kisha ndipo akaanza kulia yeye. Sijawahi kusikia kilio kama kile. Hakikuwa kelele. Kilitoka chini sana na hakikwisha.

Madam alikuja mbio bila viatu, akidhani mtoto amezama. Baba akamweleza. Akauliza ni tangu lini, baba akamwambia. Akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Miezi miwili mamake amekufa, nanyi mnamficha?" alimwambia mama. "Hamwogopi Mungu?"

Kwao habari ya kifo haifichwi hata saa moja. Madam akasimama kidogo, pindo la abaya yake linaelea majini, kisha naye akakaa palepale kwenye maji, akamshika Mamdogo mkono. Akamwambia halas, basi, leo hakuna kazi, akae na watu wake. Watoto aliwaangalia mwenyewe mpaka alasiri, na kahawa alituletea kwa mkono wake.

Mahamri yalikuwa yameingia mchanga, tukayala hivyohivyo. Ndugu wawili walizungumza habari za Bibi, wakacheka, wakalia tena. Baba, aliyekuwa amekaa kando kwa heshima, akauliza kwa sauti ndogo kama maandazi yamebaki.

"Mahamri," mama alisema, bila kugeuka.

Nikajua tutafika Riyadh salama.

Mamdogo alimaliza mkataba wake akarudi Likoni. Mwaka jana nilimtembelea, nikamkuta anachambua mchele, nikakaa kumsaidia. Nikamwambia lile lililonikaa miaka yote: jinsi nilivyoogopa swali lake, na bahati niliyopata hakuliuliza. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ningeulizaje, mwanangu, na mimi nilikuwa najua?"

Alijua tangu Ijumaa ile ya kwanza. Siku zote, kabla ya kukata simu, mama alikuwa akimwambia, "Mama anakusalimu." Siku hiyo akazungumzia mvua na vitunguu, akakata. Ijumaa ya pili, hakuna salamu. Mamdogo akasema mama hajui kudanganya, na Bibi angekuwa hai salamu zingekuja. Ndipo akaanza kusikiliza mabosi wanaenda wapi, na aliposikia habari ya nyumba ya baharini, akauliza ina ukuta upande gani.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama kwamba anajua, amtue mzigo. Akasema wangelia kila mtu na ukuta wake, na yeye hakutaka kufiwa kwenye simu. Nikamuuliza, sasa ile miezi miwili, alikuwa analilia wapi?

"Sikulia," akasema. "Nilimngoja dada yangu."

Akaniomba nisimwambie mama. Mama anadhani alimbebea ule mzigo peke yake asiujue, na ni kitu anachojivunia, mwache nacho. Nimemwacha nacho.

Sasa mimi ndiye ninayeishi Jeddah, na baba ndiye anayenipigia kutoka Malaz. Juzi, nikiwa nimekaa juu ya mkeka huu, akapiga. Akasema habari za viyoyozi, za magoti yake, za joto, akaniaga, akakata. Nikaitazama simu. Kisha nikampigia palepale.

Akapokea kwa mshangao, kulikoni?

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko jikoni," akasema, "anakaanga maandazi." Na nyuma yake, mbali kidogo, nikasikia sauti ya mama ikimsahihisha.