Mwonjaji wa wiski aliyeisubiri pua yake

Saa nne asubuhi, mwonjaji wa wiski anavuta kiti hadi kwenye meza ya chumba cha nyuma cha duka. Mezani kuna glasi tatu zilizofunikwa kwa visahani, jagi la maji na ndoo ya kutemea. Hajajipaka mafuta, na shati lake limefuliwa kwa sabuni isiyo na manukato.

"Glasi mbili ni ndugu, moja mgeni," anasema mwenye duka, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. "Nionyeshe mgeni, Fundi. Ukikosea tutabaki marafiki, lakini kiti nampa mwingine."

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa hiyo: kuwachagulia wateja wiski za Uskoti za kimea kitupu, za kiwanda kimoja, zisizochanganywa, ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuzinunua. Bei ya chupa moja ya kwenye kabati la kioo hununua tatu za zile anazozitafuta yeye.

"Ya bei mbaya inajiuza kwa jina," anasema. "Ya bei nafuu lazima ijitetee yenyewe mdomoni. Nyingine ni changa, inakwangua koo. Nyingine imelala kwenye pipa lililochoka kwa kutumiwa mno, haina la kusema. Lakini ukiipata iliyotulia, unajiuliza wale wengine wanalipia nini. Wanalipia boksi!"

Kumeza hamezi. Mkewe, fundi cherehani, amechoka kulieleza jambo hilo. "Watu wakisikia mume wangu anaonja pombe, wananipa pole. Nawaambia, acheni pole zenu, huyu analipwa kutema."

Mwaka jana yakaja mafua makali. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote.

"Nilifungua chupa ninayoijua kama nyumba yangu," anakumbuka. "Nikanusa, nikapata hewa tupu."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye hakungoja kilio. Kesho yake alimweleza mwenye duka, naye akampeleka stoo kubeba katoni, mshahara ukiwa umepungua karibu nusu. Wenzake stoo wakambatiza jina la Pua ya Mapambo.

"Nilicheka nao, ningefanyaje? Lakini nikifika nyumbani nililia bafuni. Sikufichi."

Mkewe ndiye aliyeanzisha mazoezi. Kila asubuhi alimfunga macho kwa kipande cha kitambaa, akamsogezea makopo: kahawa, kitunguu, mafuta ya taa, ganda la limau.

"Siku ya kwanza alisema kitunguu ni kahawa," anasimulia mke. "Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikauona uso wake, nikamsogezea kopo jingine."

Haba na haba, makopo yakaanza kujibu. Mafuta ya taa yalitangulia, kahawa ikafuata, kisha limau. Harufu zenye nguvu zilirudi, zile za upole zikagoma.

Katikati ya mgomo huo binti yao alizaliwa. Sasa ana miezi mitano na mashavu ya kujivunia.

"Kila anayembeba anasema mtoto ananukia," anasema baba. "Bibi yake anazamisha pua shingoni mwake, hataki kuitoa. Mimi nilijaribu wiki zile za mwanzo, sikupata kitu. Nikaacha. Naogopa kujaribu tena nikakosa."

Anafunua glasi ya kwanza. Ananusa mdomo ukiwa wazi kidogo, anaidondoshea matone ya maji, anaonja, anatema. Anafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, kisha anarudi kwenye ya pili na kukaa nayo. Mwenye duka hatikisiki mlangoni.

"Ya kwanza na ya tatu ni ndugu," anasema hatimaye. "Zina harufu ya tunda la peasi lililoiva, asali kidogo, na mwisho mkavu. Hii ya kati…" Anainusa tena. "Ina moshi. Kidogo sana, Mama. Kama nguo ya mtu aliyepita karibu na moto jana."

Mwenye duka anainua glasi ya kati na kutazama alama iliyo chini yake.

"Ndiyo mgeni," anasema. "Bei zao ni moja. Tuagize ipi?"

"Ya peasi. Wateja wetu wataipenda bila kufundishwa. Ya moshi chukua katoni chache tu, tuone."

"Haya. Kaa kwenye kiti chako, kazi ipo."

Lakini amekwisha simama. Anasukutua kinywa kwa maji, anatema, anasukutua tena, kisha ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Sabuni haigusi.

"Mama, naomba nusu saa."

"Kiti hata hakijapata joto, Fundi! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani," anasema, akifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimuwahi binti kabla hajaogeshwa."