Fundi Aliyelala Ameketi

Fundi wa makochi alikuwa akiitwa Springi, na jina hilo hakulipenda, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa sponji. Springi za chuma, alisema, zinapiga kelele na zinamchoma mgeni mahali ambapo mgeni hawezi kulalamika. Lakini mtaa ulikuwa umeshaamua, naye akaacha jina lipite, kama alivyoacha mengine mengi yapite, likiwemo shinikizo la damu.

Habari za shinikizo alizipata miaka mingi nyuma, alipomsindikiza mama yake zahanati. Nesi alimpima mama, kisha, kwa kuwa mashine ilikuwa imeshawashwa, akampima na mwana. Mama alikutwa mzima. Mwana alipewa vidonge. Alivimeza mpaka vikaisha, akajisikia vizuri, na kwa kuwa alijisikia vizuri hata kabla ya kuvimeza, hakuona haja ya kwenda kuchukua vingine.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani nzito, meza ya kukatia vitambaa, magunia ya vipande vya sponji mpaka darini. Mke wake alikuwa mwalimu wa chekechea, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita Mwalimu. Kila alipopita karakanani kwenda kazini, alitoka na nyuzi kwenye sketi.

Mabadiliko yalikuja taratibu na kila moja lilikuwa na maelezo yake. Springi aliacha kubeba makochi kuyapandisha kwenye pikapu. Akasema wateja wa siku hizi wamedekezwa, wabebe wenyewe. Akawa anasimama katikati ya kilima akitoka dukani kununua misumari. Akasema mandhari ni nzuri. Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta wa godauni. Viatu vikaanza kumbana, akavaa ndala, akasema ngozi ya siku hizi inasinyaa. Kikohozi cha usiku, akasema ni vumbi la sponji.

Kisha kitanda kikamshinda. Akilala chali, pumzi zilikatika. Aliongeza mto, akaongeza mwingine, akachukua na wa mkewe. Mwisho akahamia karakanani, kwenye kiti cha kuegemea cha mteja mmoja, mama mmoja mrefu aliyekuwa hakimu kabla ya kustaafu. Kiti kilikuwa cha marehemu baba wa huyo mama, kipana, chenye mgongo mrefu, na Springi alikuwa amekwisha kukivalisha kitambaa kipya. Humo alipata usingizi.

Mwalimu alivumilia siku kadhaa, halafu akamfuata.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Kama kuna mtu mwingine, sema tu."

"Mtu mwingine nimweke wapi?" Springi alisema. "Kiti ni cha mtu mmoja."

Jibu hilo halikumtuliza. Alimwita mdogo wake Springi, kinyozi mwenye saluni mtaa wa pili, aje kusuluhisha. Kinyozi alikuja na pakiti ya karanga za chumvi, akakaa juu ya gunia la sponji, akazama nusu, na kutoka humo chini akamsomea kaka yake somo refu kuhusu ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na mke. Alipofika kwenye sehemu ya kusameheana, aliinua macho akakuta kaka amesinzia huku ameketi, mdomo wazi.

"Shemeji," alimwambia Mwalimu, "huyu dharau zimemjaa."

Aliondoka na karanga zake.

Hakimu naye alikuwa akidai kiti chake. Mara ya kwanza aliambiwa gundi haijakauka. Mara ya pili aliambiwa vilevile. Mara ya tatu hakupiga simu, alikuja, akaingia bila kubisha hodi kwa sababu mlango wa karakana ulikuwa wazi. Kiti chake kilikuwa katikati ya chumba, kimemalizika, kimependeza, na juu yake kulikuwa na blanketi, mto, glasi ya maji na Springi.

"Kuna mtu anaishi kwenye kiti changu," alisema Hakimu.

Springi aliinuka kujieleza. "Mama, samahani, hiki kiti... nilikuwa..." Pumzi zikamwishia hapo. Hakimu alisubiri. Kazi yake yote ilikuwa kusubiri watu wamalize sentensi wasizotaka kuzimaliza, na haraka hakuwa nayo. Lakini huyu alimwona anataka kumaliza na hawezi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Miguu ndani ya ndala ilikuwa imevimba kama ya mtu mwingine, mnene zaidi.

"Keti. Ukilala kitandani, kunatokea nini?"

"Nazama."

"Maji yako wapi?"

Springi alifikiri. "Ndani," alisema.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na nyuzi zake kwenye sketi. Alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi mmoja akaletewa mwingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipeleka hospitali."

"Kiti kibaki," Hakimu alikata kauli. "Mwenye kukikalia aingie kwenye gari langu."

Hospitalini walimfunga nyaya kifuani, wakampaka mafuta baridi, wakautazama moyo wake kwenye skrini. Akawekewa oksijeni na dawa ya kutoa maji mwilini, na kesho yake, alipoweza tena kusema sentensi nzima, daktari alivuta kiti karibu na kitanda. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao mkubwa, mwenye sauti ya kuchoka. Mwalimu alikuwepo. Kinyozi naye alikuja, bila karanga, akiwa na aibu tele.

"Moyo wako umeshindwa kufanya kazi," daktari alisema.

Springi aliweka mkono kifuani. "Mbona unapiga?"

"Jina ni baya, najua. Haujasimama. Unasukuma damu, lakini haitoshi kwa mwili." Akawaeleza. Shinikizo likikaa juu miaka mingi, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi kila siku, misuli yake inanenepa kama ya mbeba magunia. Kwa mbeba magunia ni sifa. Kwa moyo ni hasara, maana unakuwa mgumu na haujai sawasawa. Mwishowe kuna mioyo inayochoka, ikatanuka na kulegea, na wa Springi ulikuwa umefika huko. Damu inayopaswa kwenda mbele inakwama nyuma. Inayokwamia upande wa mapafu inaleta maji kifuani, na ukilala yanakukaba. Inayokwamia upande wa mwili inashuka miguuni.

"Na figo zikiona damu inakuja kidogo, zinadhani umepungukiwa maji. Zinayashika. Zinashika na chumvi."

"Zinanimaliza," alisema Springi.

"Zina nia njema," alisema daktari.

Mwalimu aliuliza swali ambalo angeuliza kuhusu mtoto yeyote. "Yuko darasa la ngapi?"

Daktari alifurahi kidogo. Alisema kuna vipimo viwili na watu huvichanganya. Cha kwanza ni hatua, nazo zinakwenda mbele tu. Mwenye shinikizo ambaye moyo wake bado uko sawa yuko A. Moyo ukishabadilika, mwenyewe akiwa bado anatembea na kucheka bila dalili, ni B.

"Hapo ndipo ulipokuwa ukijisikia mzima."

"Nilikuwa nimepita wapi vile?" aliuliza Springi, kama mtu aliyelala akapitwa na kituo.

"Ulizipita zote mbili, A na B. Dalili zikianza ni C. Uko C. Ikifika dawa za kawaida hazisaidii, ni D."

"Nikimeza dawa narudi B?"

"Hapana. Hata ukipona dalili zote, unabaki C."

Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Lakini kuna madaraja," daktari aliendelea, "na hayo yanapanda na kushuka. Jana ulikuwa unahema ukiwa umekaa tu. Hilo ni daraja la nne."

"Kati ya mangapi?" Kinyozi aliuliza kwa matumaini.

"Manne."

"Basi kaka yuko juu kabisa."

"Juu kabisa kwa ubaya. La tatu, anapumua vizuri akipumzika, akivaa shati anahema. La pili, shughuli za kawaida zinamchosha kiasi. La kwanza, hazimchoshi. Leo umeshaanza kushuka. Tukushushe zaidi."

Springi aliuliza lile alilokuwa akilizunguka tangu asubuhi. "Kwa hiyo nakufa?"

"Sijui lini, kama nisivyojua ya kwangu. Ugonjwa huu unaua ukiachwa. Ukimeza dawa kila siku na kupunguza chumvi, wengi wanaishi nao miaka."

Daktari alipoondoka, Springi alilia kidogo, ameegemea mito ya hospitali, ambayo sponji yake, alisema akijifuta, ni ya hovyo. Mwalimu alimshika mkono.

"Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia yule mwanamke," alisema.

"Yupi?"

"Ambaye hayupo. Yalikuwa makali sana."

"Usiyatupe," alisema Springi. "Mwambie Kinyozi."

Alitoka hospitali akiwa daraja la tatu, na baada ya wiki nyingi za vidonge akafika la pili. Hakimu alikuja kuchukua kiti, akakaa juu yake kwanza hapo hapo karakanani, akasema kimebonyea vizuri. Springi alirudi kwenye cherehani na meza ya kukatia. Kubeba aliacha kabisa, na sasa hakusingizia mtu. Mwalimu aliondoa kopo la chumvi jikoni na kumwonya asitie chumvi hata kwenye hadithi zake. Harusini kwa binamu yake alijisahau kwenye nyama ya kukausha, miguu ikavimba, akapanda daraja, wakamshusha tena. Alisimulia kisa hicho kwa utulivu, kama mtu anayeeleza lifti.

Asichoweza kutulia nacho kilikuwa Kinyozi. Alimsumbua mpaka akakubali kupimwa. Nesi alisoma namba, akairudia kwenye mkono wa pili, akaandika.

"Lakini mimi sina tatizo lolote," Kinyozi alisema.

"Ndiyo hatua A hiyo," alisema Springi, na hakucheka.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, anakwenda taratibu mpaka saluni na kusimama mlangoni. Kinyozi anazima mashine, anameza kidonge kwa maji, anafungua kinywa na kuinua ulimi ili kaka aone. Asubuhi moja ukaguzi ulichukua muda, maana Springi alikuwa amesahau miwani, na mteja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu aliuliza kwa adabu kama wanaweza kuendelea na upande wa kushoto.