Mbwa wa Kizuizini

Mbwa alifika Bwera, mji wetu wa mpakani, juu ya lori la kahawa, na mkanda wake umeviringishwa ndani ya soksi. Mzungu mmoja wa migodini alikuwa anarudi kwao, akamwachia tajiri wangu, Mkongomani wa Butembo ambaye siku zile nilikuwa nikimpangia magunia na kulala ghalani kwake. Shule niliiacha mapema, lakini kila chombo nilitaka kukifungua nione ndani. Kazi ya kumfundisha mbwa ikaniangukia.

"Mimi niko na kahawa, weye uko na imbwa," tajiri aliniambia. "Isikule risasi tu."

Kizuizi cha askari kilikuwa chini kidogo ya ghala. Kila gari liliposimama pale, mbwa alilikimbilia akibweka, na sajini alikuwa amekwisha kuja kutuambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ikirudi tena, mimi napiga."

Mkanda ulikuwa na kisanduku cha kukaa kooni, na kingine cha mkononi chenye kitufe na antena. Niliujaribu kwanza kwenye kiganja changu. Vidole vilikakamaa kwa umeme, nikacheka peke yangu, kisha nikaogopa. Kila asubuhi tulikwenda nyuma ya ghala. "Kaa." Asipokaa, nabonyeza. "Kuya." Asipokuja, nabonyeza. Alishika upesi, ila alianza kutembea kama ardhi ina moto, nami kila niliposikia breki za lori kidole changu kilitafuta kitufe mfukoni.

Jirani yetu, Mkonzo mwindaji, alinitazama juu ya ua siku kadhaa. Siku moja akaniita.

"Kijana, wewe unakaa mpakani na unashika kitu ya antena. Askari akiona atasema ni redio. Utatangulia wewe, imbwa itafuata."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilikitumbukiza kile cha mkononi katika gunia la maganda ya kahawa, na cha kooni nikakifungua kutoka kwenye mkanda. Lakini bila uzito ule shingoni mbwa alinitazama tu, akaenda zake. Mwindaji akanipa kengele ya mti, ile wanayofunga mbwa wakipanda milimani. Njiani huzibwa kwa majani ili wanyama wasisikie, na majani huondolewa mbwa anapoachiwa. Mimi nilitaka uzito wake tu, kwa hiyo niliiziba, nikaifunga kwa mkanda uleule. Akaanza tena kukaa na kuja.

Siku ya soko lori lilisimama kizuizini. Mbwa akainuka.

"Kaa."

Hakukaa. Alikwenda mbio, na kidole changu kikawa kinabonyeza mfuko mtupu. Sajini alishusha bunduki begani. Ndipo majani yakachomoka na kengele ikalia kooni mwa mbwa. Alisimama ghafla kana kwamba nimebonyeza, akageuka kunitafuta.

"Kuya," nikasema. Akaja.

Sajini alitufuata hadi mlangoni.

"Hiyo kengele ya nini?"

"Ya kuwinda, afande."

"Inawinda nini?"

"Bado haijajua, afande."

Askari wa nyuma yake wakacheka. Yeye hakucheka, lakini bunduki ilirudi begani.

Tangu siku ile sikuiziba tena kengele. Nilipanga magunia nikiisikiliza, na iliponyamaza kidogo tu niliacha gunia njiani nikatoka kutazama.