Unga wa Mjukuu na Balungi Langu

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye maabara ya dawa, upande wa Naguru. Nimemwuliza mara nyingi wanafanya nini huko, na jibu lake silipendi. Anasema wana unga mweupe wa kemikali unaolizuia ini lisivunjevunje dawa. Wakishalizuia, wanatazama dawa itakaa mwilini kiasi gani.

"Ini la panya, Jjajja," ananiambia, akiniita kwa Kiganda kama wajukuu wote. "Si la mtu."

"Leo panya," nikamwambia.

Shule niliiacha mapema, lakini kuogopa unga wa namna hiyo hakuhitaji shule.

Ramadhani ilipoingia, yeye ndiye aliyepika futari hapa nyumbani Mengo. Akirudi kazini anavua koti, anaingia jikoni. Haukupita muda nikaanza kuona kizunguzungu. Jioni moja nilisimama kuswali magharibi, nikaanguka juu ya mswala. Pale chini nikaliona koti lake jeupe, limetundikwa karibu kabisa na sufuria ya uji.

Kesho yake nikamkataza jikoni, na koti nikalihamishia kwenye msumari wa nje.

"Unadhani nakulisha sumu?"

"Sidhani. Naangalia."

Akalia. Akasema kama hatakiwi atatafuta chumba Kalerwe, na Idi ataila huko huko. Nikamwacha aseme. Nikapika mwenyewe, na kizunguzungu hakikutoka. Nikasema labda unga umeshanikaa mwilini.

Siku moja wakati wa kufuturu alikaa mkekani kunikabili, amenuna kama askari wa zamu. Adhana ikaita. Nikala tende, nikachukua kidonge changu cha presha, nikakiteremsha kwa glasi ya maji ya balungi. Kwetu saumu hufunguliwa kwa balungi tangu enzi za mama yangu, na kidonge nacho kilikuwa kimengoja kutwa nzima.

"Jjajja, dawa unaimeza na hiyo?"

"Na nini tena?"

"Na siku zisizo za mfungo?"

"Maji, asubuhi."

Akashika kichwa. "Balungi linafanya kama unga wetu. Unga unazuia ini, hili linazuia dawa isivunjwe kule kwenye utumbo. Vidonge vingine havina neno, lakini hiki chako kinaingia kwenye damu kingi mno, presha inaporomoka."

Nilimtazama sana. Mtu umemshuku, halafu yeye anakuonyesha mwizi kwenye glasi yako mwenyewe. Huyo huwezi kumwamini upesi.

"Kesho utapika wewe," nikasema. "Mimi balungi naacha. Nikianguka tena, Kalerwe unaijua njia."

Akapika. Nikala kila kitu alichopakua, kidonge nikameza na maji. Kizunguzungu kikapungua, kisha kikaisha. Hata hivyo nilikwenda kliniki kumwuliza daktari, bila kumwambia mjukuu. Naye akasema yale yale, na akanigombeza.

Idi tulikula pamoja, pilau aliipika yeye. Koti lake bado haliingii ndani. Analalamika kwamba mvua inalilowesha. Nimempigilia msumari mwingine, ndani kidogo ya kibaraza, mbali na jikoni.