Faulo Mbili za Kocha Mkuu

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa vikapu mjini Kisumu, na mpaka leo nikiona mtu amening'iniza filimbi shingoni natamani kutema mate. Nimehama miji mingi tangu hapo. Sasa niko Awasi, na sidhani nitakaa.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji upande wa Nyalenda. Asubuhi akina mama walianika omena, dagaa wa ziwani, pale. Mchana nilifagia, nikamwaga maji kuosha mafuta ya samaki, ili wasichana wasiteleze. Kocha mkuu alifika saa kumi, ananukia manukato, akauliza kwa nini uwanja unanuka. Ile harufu naikumbuka kwa hamu. Manukato yake bado yananitia kichefuchefu.

Lakini uchafu wake hasa ulinichukua miaka kuugundua. Katika mchezo huu, kocha akipata faulo mbili za utovu wa nidhamu anatolewa nje na msaidizi anashika timu. Tukiwa sawa na wapinzani, alikuwa mpole kama padri. Tukiachwa pointi ishirini, ghafla alishikwa na uchungu wa haki. Alimtukana refa, akarusha chupa, akatolewa. Akipita mbele yangu aliniita ndugu kwa Kijaluo, akinong'ona, "Omera, shika timu," kisha huyo, kwenda kula samaki ufuoni. Kipigo kiliandikwa kwa jina langu.

Alipotangaza kwamba anastaafu mwisho wa msimu, niliomba nafasi yake. Mwenyekiti wa klabu, muuza mabati na misumari, aliniita dukani kwake akafungua daftari la mechi.

"Bwana, mimi nakupenda. Lakini mechi zote ulizoongoza tumepigwa. Zote!"

"Nilizipokea zikiwa zimeshaoza, mzee."

"Daftari halisemi hivyo." Akachokonoa jino, akaangalia alichokitoa. "Imebaki moja. Hiyo nayo ikiandikwa kwako, usirudi hapa kuniuliza."

Katika mechi hiyo tuliachwa pointi kumi na nane robo ya tatu. Kocha akainuka, nami nikajua. Faulo ya kwanza. Akamwambia refa maneno kuhusu mama yake. Faulo ya pili.

"Omera, shika timu."

"Leo tunatoka wote," nikamwambia, nikachukua begi. Nilimwendea refa nikishika tumbo, nikadanganya kwamba naumwa. Kocha na msaidizi wakikosekana, nahodha ndiye anayeongoza. Nahodha wetu, mshonaji wa mtaa wa Manyatta aliyekuwa nami tangu mwaka wangu wa kwanza, alinitazama nikiondoka. Alikuwa akihema.

Nilijificha nyuma ya ukuta, penye bomba la maji, nikasikiliza. Makelele yalianza kupanda. Watu walitaja pengo kwa sauti: kumi na mbili. Saba. Watu wakaanza kuimba. Nilijua la kufanya: wapinzani walikuwa wamechoka, upande wao wa kushoto ulikuwa wazi kama mlango wa soko. Miguu yangu ilitaka kurudi. Nikaikalia.

Wasichana wetu walishindwa kwa pointi mbili.

Mwenyekiti alinikuta palepale akanipiga begani. "Hii si yako. Nafasi umepata!" Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu cha heshima, huku kocha mkuu, ambaye siku hiyo hakwenda ufuoni, akitucheka toka mbali kwa sababu alikuwa ameona na kuelewa kila kitu. Alinikonyeza. Kumbe alifikiri amepata mwanafunzi.

Kisha nahodha akaja bombani kunawa uso.

"Tumbo limepoa, Mzee?"

"Limepoa."

Alisukutua mdomo, akatema. "Yale mapumziko ya mwisho, wote wamenizunguka, wananiangalia. Sekunde tisa zimebaki. Nikakosa cha kuwaambia."

Alifunga bomba, akaenda kuwabembeleza wenzake waliokuwa wakilia.